Hodi Juu ya Kifuniko

Mwanangu ni seremala wa majeneza, na tangu alipoachiwa kazi hiyo na baba yake hajawahi kufunga kifuniko bila kubisha hodi. Hugonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, husema hodi taratibu, husubiri kidogo, ndipo huchukua bisibisi. Asiyejua atadhani ni mambo ya mizimu. Hapana. Marehemu mume wangu aliwahi kumfungia paka aliyekuwa amezaa ndani ya jeneza jipya, na wenye msiba walipolifungua mbele ya waombolezaji, paka akaruka, watu wakakanyagana. Toka hapo ikawa sheria ya karakana. Jeneza likishamalizika hutiwa skrubu moja upande wa kichwani ili vumbi lisiingie, na kabla ya skrubu kuna hodi. Mume wangu alikuwa akisema, aliye hai ataitika, na asiyeitika hana neno na sisi.

Nayatanguliza haya kwa sababu bila hodi hiyo hakuna kisa.

Mwanangu alijaliwa mtoto mmoja tu, wa kike. Mama yake aliolewa kwingine mtoto hajaota hata jino, nikampokea mimi. Tunakaa nyuma ya karakana, ukuta ni mmoja, kwa hiyo mtoto alikulia kwenye maranda kama kifaranga. Na hakuwa mtoto kama wengine, siwezi kusema vinginevyo hata kwa mapenzi ya bibi. Alijikata nywele mwenyewe kwa mkasi wa jirani yetu fundi cherehani, yule anayetushonea vitambaa vya ndani ya majeneza. Ukimvisha gauni, baada ya muda utalikuta limevaliwa na benchi, yeye yuko ndani ya suruali ya kazi ya baba yake, kaikunja mpaka magotini na kuifunga kamba kiunoni. Alipenda kuning'inia kwenye boriti kichwa chini. Alipenda kiza. Wenzake wakicheza nje, yeye utamkuta kalala ndani ya jeneza, mikono kifuani, macho makavu, anazungumza peke yake. Majirani wakamwita Popo, si ndege si mnyama, naye akalishika jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake.

Nilikuwa nikimtania, mke mwenzangu, wenzio wanalikimbia jeneza, wewe unalitandikia. Akanijibu siku moja kwamba humo ndimo pahali pekee ambapo hakuna mtu anayemwambia akae vizuri.

Baba yake hakuyapenda mambo hayo. Mwanangu si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa maneno ya watu, na anayeogopa maneno ya watu huweza kufanya jambo ambalo mtu mbaya hakulifikiria.

Sasa Popo ni mtu mzima. Ana chumba chake upande wa pili wa mji na kazi yake ni kuchora katuni. Gazeti moja la kila Jumamosi lilimpa ukurasa wa nyuma, naye akaamua kuchora maisha yake mwenyewe tangu utotoni, kwa mpangilio, juma baada ya juma. Hakutaja mtu kwa jina. Lakini aliichora karakana yetu mpaka ufa wa dirisha, akachora mwanangu anavyobana misumari mdomoni, akanichora mimi na goti langu bovu. Nani asingetujua? Mimi nilisoma madarasa machache ya mwanzo, maneno ya kwenye vile viputo vya midomoni nayafuata kwa kidole, ila picha haihitaji kidole.

Mwanzoni watu walicheka tu. Muuza magazeti alikuwa akiegesha baiskeli mlangoni petu na kuwasomea waliopo. Akamwambia mwanangu, fundi, wiki hii umechorwa na tumbo, na kesi huna maana tumbo lenyewe hilo hapo. Hata mwanangu alitabasamu. Fundi cherehani akanunua magazeti mawili siku alipojiona na mkasi wake.

Mimi nilicheka nao, lakini si kwa muda. Popo wa gazetini alikuwa anakua. Kila Jumamosi alikuwa mkubwa kidogo, na kila Jumamosi ilikuwa hatua moja kuielekea siku ambayo nyumbani kwetu haizungumzwi. Ilikuwa kama kumwona mtoto anatembea kinyumenyume kuelekea kisimani, nawe umekaa upande wa pili wa barabara.

Niieleze siku hiyo, kisha niendelee.

Popo alikuwa amejifunza kuchora kwa penseli ya seremala, ile bapa, na mahali alipochorea ni upande wa ndani wa vifuniko. Mbao zimepigwa msasa, laini kama shavu, na hakuna wa kumgombeza. Alikuwa akichora kisha anafuta kwa msasa. Kifuniko kimoja hakukifuta. Jeneza likaenda msibani, likafunguliwa watu wamuage mzee wao, na kwenye kifuniko kilichosimamishwa ukutani wakaona mtu wa penseli ametoa ulimi mrefu. Watoto wakaanza kucheka, na wakubwa wengine wakashindwa kujizuia. Wenye msiba walikuja karakanani kesho yake. Hawakumpiga mwanangu, walimsema tu, mbele ya mtaa mzima, na alisimama pale akitazama vidole vyake vya miguu.

Siku iliyofuata nilikwenda karakanani kuzoa maranda ya kuwashia moto. Palikuwa kimya. Mwanangu hayupo. Katikati ya chumba palikuwa na jeneza jipya, limefungwa, skrubu yake mahali pake. Nikasikia kitu kinakwaruza. Nikadhani panya, nikaokota kipande cha mbao. Kisha nikasikia kwamba mkwaruzo unatoka ndani. Sikujua la kufanya ila lile nililoliona likifanywa miaka yote, nikagonga mara mbili.

Sauti ya mjukuu wangu ikanijibu kutoka ndani, ndogo, ya adabu.

"Karibu."

Nilifungua kwa kisu cha jikoni, maana bisibisi sikuiona. Alikuwa amelowa jasho kama aliyetolewa mtoni, kucha zake zina damu. Hakulia. Tangu siku hiyo hakulala tena kwenye jeneza, na alipofikia umri wa kujitegemea alihama. Karakanani hakukanyaga tena miaka yote hiyo. Mwanangu alirudi jua likiwa limeshahama dirisha la mbele na kuingia la nyuma, mkononi ana kopo la vanishi, akaona kifuniko kiko chini. Hakuuliza kitu, nami sikuuliza. Tulikuwa watatu tu tuliojua, na kila mmoja aliifunga skrubu yake.

Lakini kuna swali lililobaki likikwaruza. Mwanangu hasahau kubisha hodi, kwake ni kama kupumua. Lazima aligonga. Kama mtoto hakuitika, au aliitika baba asisikie, basi ni ajali, na ajali haina mwenyewe. Kama aliitika na baba akasikia, kisha akachukua bisibisi, basi nimezaa mtu nisiyemjua.

Katuni zikafika kwenye kifuniko chenye ulimi. Jumamosi hiyo watu walicheka sana, maana wengi waliukumbuka msiba ule. Jumamosi iliyofuata zikafika kwa wenye msiba, na mwanangu akachorwa mdogo, ameinamisha kichwa, vidole vyake vya miguu vikubwa kuliko uso. Cheko likapungua. Kiboksi cha mwisho cha siku hiyo kilikuwa na mkono tu. Mkono wa mwanangu, una kovu lake la msumeno, unaichukua bisibisi ukutani. Chini hapakuandikwa neno.

Muuza magazeti aliligeuza gazeti juu chini akitafuta mwendelezo. Kisha akasema kwa utani, maana yeye hana namna nyingine ya kusema.

"Fundi, Jumamosi ijayo unakwenda kufunga nini na bisibisi hiyo?"

Mwanangu alikuwa anapiga randa. Hakuacha. Aliipitisha kwenye ubao ule ule mpaka ukawa mwembamba hauna kazi tena, akautupa.

Jumatatu nilijikongoja mpaka kwa Popo. Chumba chake ni kidogo, meza imesukumwa dirishani, karatasi zimetundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo kama nepi za mtoto mchanga. Nywele bado anajikata mwenyewe, na bado hazilingani. Akanitengea kiti chenye mto kwa ajili ya goti langu, akanipa chai, akaniuliza habari za kila mtu isipokuwa mmoja.

Nilimwomba airuke siku ile. Nikamwambia watu hawapeleki marehemu wao kwa mtu aliyemfungia mwanawe jenezani. Nikamwambia baba yake amezeeka ghafla, hali vizuri. Nikamwambia mimi nina watu wawili tu duniani, na mmoja akimwangusha mwenzake nitabaki na nani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Huyo ndiye aliyenifunza mimi kusikiliza, si mimi niliyemfunza yeye.

"Bibi," akasema, "nikiiruka siku hiyo, nilizozichora zote zinakuwa uongo."

Akateremsha karatasi moja kwenye kamba na kuniwekea mapajani. Viboksi vyote vilikuwa vyeusi, wino umetiwa mpaka karatasi imejikunja. Kwenye cha kwanza, katikati ya weusi, palikuwa na maneno mawili madogo, ngo, ngo. Cha pili, hodi. Cha tatu kiputo kidogo cheupe, ndani yake karibu. Kisha vikafuata vyeusi vitupu, vingi, sikuvihesabu. Na kiboksi cha mwisho kabisa kilikuwa cheupe, hakina kitu.

Akaniambia yeye huchora alichokiona na alichokisikia, asichokijua hakichori. Siku ile aliona kiza tu. Alisikia hodi akaitika, kwa sauti ya chini, kwa sababu alidhani ni mchezo, baba yake hakuwahi kucheza naye na alifurahi kwamba leo anacheza. Baada ya hapo alisikia skrubu ikiingia.

"Hiki cheupe ni cha upande wa nje," akasema. "Huko sikuwepo. Sijui kama alinisikia. Niulizie, bibi."

Nikamjibu amuulize mwenyewe, ni baba yake. Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema amejaribu. Mara mbili alifika mpaka kwa fundi cherehani, miguu ikakataa. Nikamuuliza, na kama jibu lisipopatikana? Akasema Ijumaa jioni gazeti linauchukua ukurasa, kiboksi kitakwenda hivyo hivyo kitupu, na watu watakijaza wenyewe.

Hilo la watu kukijaza wenyewe lilinifuata njia nzima.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mwanangu ameteremsha mbao ngumu alizokuwa akizitunza juu ya dari tangu enzi za baba yake. Mbao hizo tulikuwa tukimtania kwamba anaziwekea mfalme. Alikuwa amezikata na ameanza kuziunga. Umbo la kitu kile halihitaji kuulizwa. Lakini hapakuwa na msiba mtaani, wala hakuna aliyekuja kuagiza, na mwanangu hatengenezi jeneza kabla ya mtu kufa. Huo pia ni mwiko wa baba yake, kwamba fundi asikitangulie kifo, kitamwona ana haraka.

Nikasimama mlangoni.

"Nani amekufa?"

Hakuinua uso.

"Bado," akasema.

Nikashika mwimo wa mlango. Hapo ndipo nilipoona alama. Kwenye mwimo huo, ubao mweupe, palikuwa na mstari mpya wa penseli bapa. Mtu amepimwa pale. Nikasogea nikausimamia huo mstari kimyakimya, ukanipita kichwani kwa upana wa kiganja na zaidi. Wangu haukuwa. Mimi humo ningelala nikabaki na nafasi ya kumkaribisha mgeni. Mwanangu ni mrefu, na mrefu mwingine katika nyumba yetu ni mmoja tu. Ule urefu wote wawili waliuchukua kwa mume wangu, ukiwasimamisha bega kwa bega huoni tofauti.

Alifanya kazi siku zile kama mtu anayejenga nyumba yake. Alipiga msasa ndani na nje. Fundi cherehani alikuja kuuliza kitambaa cha rangi gani, akajibiwa safari hii hakuna kitambaa. Kisha akaja kuninong'oneza uani, mama, mwanao ana nini, mbona anapaka vanishi kama anaibembeleza? Nikamwambia hajalala vizuri. Uongo mtupu. Alikuwa akilala kama gogo, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Swali nililotumwa sikuliuliza. Lilifika mdomoni kila nilipompelekea chakula, nikalimeza.

Alhamisi alisafisha brashi zake, akanawa, akaja kuketi karibu nami kama alivyokuwa akiketi zamani alipokuwa na homa. Akaniambia nimwite mjukuu wangu. Aje karakanani kesho asubuhi, kabla hajaupeleka ukurasa wake. Nikamuuliza anamwitia nini. Akasema ana kitu cha kumwonyesha. Nikamuuliza tena, akasema, "Mama, mwite tu."

Nilipiga simu. Ujumbe niliufikisha kama nilivyopewa, maana mjumbe hauawi, lakini nikaongeza langu. Nikamwambia, mjukuu wangu, usije. Nikamweleza mbao za darini, mstari wa mlangoni, na lile neno bado. Akaniuliza kitu kimoja tu, mstari huo uko juu kiasi gani. Nikamwambia. Akasema haya, kesho.

Asubuhi niliingia karakanani kabla ya mwanangu. Bisibisi ilikuwa kwenye msumari wake ukutani, ile ile, mpini wake umeng'aa kwa mikono ya baba na mwana. Nikaichukua, nikaichomeka kiunoni chini ya nguo, nikaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Nikasema moyoni, lolote litakalofungwa leo litanipitia mimi kwanza.

Popo alikuja na mfuko wake wa karatasi begani. Alisimama kizingitini. Niliiona miguu yake ikikataa, kweli inakataa, kama ya punda. Baba yake alikuwa amesimama upande wa pili wa jeneza. Hawakusalimiana. Kisha Popo akashika mwimo wa mlango, akausimamia ule mstari wa penseli, mgongo sawa, ukamgusa utosini. Akageuka akautazama, halafu akamtazama baba yake.

"Ni wangu au ni wako?" akauliza.

"Ingia kwanza."

Akaingia. Baba yake akapita nyuma yake na kuufunga mlango wa karakana, mchana kweupe, jambo ambalo halifanyiki, na mwanga ukabaki wa dirisha la mbele peke yake. Nilishika mpini kiunoni.

Mwanangu hakukaa. Aliongea akilitazama jeneza, na maneno yake mengi alikuwa ameyapanga, ilionekana. Alisema siku ile alimkuta Popo amelala humo, penseli mkononi, siku moja tu baada ya wenye msiba kuondoka. Alisema alikiinua kifuniko, akakiweka juu, na akagonga.

"Ukaitika karibu," akasema. "Nilikusikia. Nikafunga."

Nilifumba macho. Basi ndilo hilo. Miaka yote nilikuwa nimeliwekea ubao, na sasa limesimama katikati ya chumba.

Popo hakusogea. Alimwambia aendelee.

Akasema alikusudia iwe kidogo tu, Popo aonje, anyamaze, amwogope. Angekwenda kununua vanishi na kurudi kabla gundi ya kwenye benchi haijashika. Lakini njiani alikutana na watu waliokuwepo msibani, wakamtolea ulimi. Akasimama kujitetea. Wakamvuta barazani, akawaeleza kwamba ni utoto, kwamba anajua kulea, kwamba yeye ni fundi wa watu wazima. Aliongea sana. Walipoanza kumwelewa alifurahi, akaongea zaidi.

Hapo maneno yaliyopangwa yakamwishia. Akajifuta mdomo.

"Nikakusahau," akasema.

Nilikuwa namtazama mjukuu wangu. Hasira ya baba yake alikuwa ameijia tayari, ameishikia ngao. Hili hakulijia. Midomo yake ilifanya neno hilo bila sauti, ulinisahau, kisha ikalifanya tena.

Mwanangu akanyoosha mkono ukutani. Akapapasa msumari mtupu. Akanigeukia.

"Mama, nipe."

Nikatikisa kichwa.

"Si mimi nitakayeishika," akasema. "Mpe yeye."

Akavua viatu, akavipanga kando kama mtu anayeingia ndani ya nyumba ya watu, akapanda, akalala ndani ya mbao zile ngumu. Mikono kifuani. Alilijaza lile jeneza barabara. Akasema, akitazama boriti, kwamba ya nje yeye ameshayaeleza, lakini ya ndani hayajui, na haifai mtoto ajue asichokijua baba. Afunge. Afungue atakapotaka.

Popo akaja mbele yangu na kiganja wazi.

Mimi sijui wengine wangefanya nini. Huyu nimemzaa, yule nimemlea. Nikimnyima, mjukuu atatoka na jeneza lake kifuani kama alivyoingia nalo. Nikimpa, na akiwa ni mwana wa baba yake kweli, naweza kutoka humo na mmoja. Niliutazama uso wake muda mrefu na sikuona kitu cha kunisaidia. Nikampa.

Aliinua kifuniko peke yake, kizito kile, akakiweka. Akapiga magoti. Akagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole.

"Hodi."

Kimya. Kisha ndani, chini sana, sauti ya mwanangu.

"Karibu."

Na yeye akafunga. Niliisikia skrubu ikilia ndani ya mbao mpya mpaka mwisho.

Akaketi sakafuni kwenye maranda, akatoa karatasi yake na wino, akaegemeza kipande cha ubao magotini, akaanza kuchora kile kiboksi cheupe. Alichora kama anavyokula, bila haraka. Nje fundi cherehani alikuwa anasukuma cherehani yake, watu wanapita, mmoja akagonga mlango wa karakana akaondoka. Mimi nimezoea kungoja. Nimengoja uji uchemke, homa ishuke, watu warudi. Kungoja kule sikukuzoea. Ndani ya jeneza palianza kusikika pumzi, kisha kiganja kikipapasa mbao, taratibu, kama mtu anayetafuta kibiriti. Kisha kikawa si taratibu.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "usisahau."

"Sijasahau, bibi. Nachora."

Mwanga uliondoka kwenye kioo cha mbele. Nilimwona akiinua macho kuutazama, na nikajua anaungoja wapi, dirisha la nyuma, kama siku ile. Nikataka kuinuka, goti likakataa. Kupapasa kukawa kukwaruza. Kukwaruza kukapungua. Mstari mwembamba wa jua ukaingia dirisha la nyuma, ukaangukia ncha ya kalamu yake, naye akaiweka kalamu chini palepale, akapiga magoti, akagonga.

"Hodi."

Hakuna jibu.

Akagonga tena, kwa nguvu. Hakuna. Ndipo mikono yake, ambayo haikukosea mstari asubuhi nzima, ikashindwa kuikuta skrubu. Bisibisi iliteleza ikachana vanishi yote ile. Nilitambaa nikaushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, tukaizungusha pamoja, bibi na mjukuu, tukakisukuma kifuniko chini.

Macho ya mwanangu yalikuwa wazi. Machozi yalikuwa yamemwingia masikioni. Mdomo wake ulikuwa unatamka kitu, unatamka, lakini sauti haikuwa na nguvu ya kutoka, na ilinibidi nikae kuutazama ule mdomo muda ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anaitika.

Popo alimshika mabega akamketisha. Hakumkumbatia, sitaongeza nisichokiona. Akampa maji kwenye kikombe cha kuoshea brashi, ndicho kilichokuwa karibu, kisha akakusanya karatasi zake akaenda kuuwahi ukurasa.

Jumamosi muuza magazeti aliegesha baiskeli, akafungua ukurasa wa nyuma mbele ya watu. Weusi, weusi, weusi. Kiboksi cha mwisho kilikuwa na mwanga. Ndani yake jeneza limefungwa, bisibisi iko sakafuni, na pembeni inaonekana miguu ya bibi kizee kwenye kigoda. Aliye ndani haonekani. Muuza magazeti alitafuta utani wake, hakuupata, akalikunja gazeti. Mmoja akauliza, sasa humo yumo nani? Mwanangu alikuwa amebana misumari mdomoni.

Kwa majuma kadhaa wateja walipungua, kisha wakarudi, kwa kuwa watu hawajaacha kufa. Popo anaendelea kuchora, sasa amefikia alipohama nyumbani. Siku nyingine huja, husimama kwenye mwimo wa mlango, mstari wa penseli juu ya kichwa, baba yake akaendelea na kazi, wakaongea mambo ya mbao. Sauti ya mwanangu haijarudi kama ilivyokuwa. Na hodi yake sasa inachukua muda, anagonga, anasubiri, anaweka sikio, anasubiri tena, mpaka wenye msiba wanatazamana.

Jeneza lile halijauzwa. Hakuna aliyeliagiza, na hakuna anayeniambia ni la nani. Limeegeshwa kona ya nyuma, limefungwa, na skrubu yake naikuta wakati mwingine imekaza, wakati mwingine imelegea kidogo, nami siulizi ni mkono wa nani. Kila asubuhi nikiingia kuzoa maranda, kabla sijainama, naligonga mara mbili. Nasubiri. Na kila nisipoitikiwa, namshukuru Mungu, naendelea kufagia.